Kuosha Mara Moja au Kugawa Kiyeyushi

Tuseme mashapo (chembe ngumu) yaliyochujwa hubaki yameshika lita 1 ya myeyusho wenye dutu tunayotaka kuiondoa, nasi tuna lita 4 za kiyeyushi safi (kimiminika kinachoyeyusha dutu hiyo) za kuyaoshea. Tukizimimina zote kwa pamoja, tukakoroga hadi ukolezi ukawa sawa kila mahali kisha tukachuja, lita 1 kati ya 5 hubaki, hivyo ufanisi, yaani sehemu ya dutu iliyoyeyuka inayoondolewa, ni asilimia 80. Tukiosha mara nne kwa lita moja moja, kila mara nusu ya dutu iliyoyeyuka huondoka. Kinachosalia ni 1/16, yaani ufanisi wa asilimia 93.75 kwa kiyeyushi kilekile. Hata hivyo, mashapo laini huziba kichujio (na hapo subira huisha), kwa hiyo mimi ningeosha mara mbili tu, kwa lita mbili mbili, na kupata ufanisi wa takriban asilimia 89.