Seti ya mabomba ya kuoteshea mboga bila udongo: miezi minne kibarazani

Seti niliyoinunua kwa shilingi 320,000 ina mabomba manne ya PVC yenye jumla ya matundu 36, tanki la lita 60, pampu ndogo ya kuzamishwa majini, vikombe vyenye vitundu, sifongo za kuoteshea mbegu, chupa ya dawa ya kushusha pH (kipimo cha uchachu wa maji) na pakiti mbili za virutubisho zilizoandikwa A na B. Niliifunga mwenyewe kibarazani kwangu, Dar es Salaam, kwa Jumamosi moja, na katika kazi hiyo sina lawama: viungo vinakaa sawasawa, maji hurudi tankini bila kutuama njiani, na hadi leo hakuna mahali panapovuja.

Udhaifu wake umo katika maji yenyewe, na hapo ndipo kijitabu cha maelekezo kinaponyamaza. Kinamtaka mnunuzi aanze na saladi, zao linalopenda ubaridi, nami nikatii mwezi wa Februari. Saa nane mchana kipimajoto kilisoma nyuzi 33 ndani ya tanki. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, mizizi hukosa hewa, na vimelea vinavyoiozesha hupata nafasi. Kufikia wiki ya tatu mizizi iliyokuwa myeupe ilikuwa ya kahawia, yenye utelezi na harufu, na miche ikanyauka ilhali imesimama ndani ya maji. Michache iliyonusurika ilitoa maua mapema na majani yake yakawa machungu. Kijana wa dukani nilipompigia simu alisema mbegu ndizo mbovu, jibu ambalo sikulikubali, kwa kuwa mbegu zilezile zilikuwa zimeota zote. Isitoshe, tanki ni la plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, kwa hiyo ukijani ulitanda kwenye kuta zake ndani ya siku kumi.

Kosa jingine lilikuwa langu kwa sehemu. Nilijaza maji ya kisima, ambayo hapa kwetu pwani mara nyingi yana chumvi, kisha nikayaongezea virutubisho, ambavyo navyo ni chumvi. Seti haina kifaa cha kupimia jambo hilo. Nilipokinunua kando, kilionyesha milisimensi 1.4 kwa sentimita (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, nacho hupanda) kabla sijatia chochote, ilhali saladi hukuzwa vizuri kwenye takriban 1.2 hadi 1.8 baada ya virutubisho kuingia. Sasa natumia maji ya mvua ninayokinga kwenye mapipa, na yakiisha, ya bomba. Kwa haki yake, kijitabu kinasisitiza kwamba A na B visichanganywe kabla ya kutiwa majini, ingawa hakisemi sababu: kalsiamu iliyomo katika kimoja, ikikutana na salfeti na fosfeti za kingine vikiwa bado vizito, huganda na kuwa mashapo meupe ambayo mizizi haiwezi kuyafyonza.

Nilishusha tanki chini ya kibaraza, nikalifukia hadi shingoni upande wa kivuli, nikapaka mabomba rangi nyeupe na kupanda mchicha na chainizi badala ya saladi. Joto la maji lilishuka hadi nyuzi 28, na mchicha nilianza kuuchuma siku ya 24, majani mapana na laini kuliko ya bustanini.

Limebaki tatizo la umeme. Ndani ya mabomba hupita maji membamba tu, hivyo umeme ukikatika mchana, miche huanza kulegea baada ya saa chache. Nilipunguza adha kwa kugandisha kipande cha plastiki kwenye mdomo wa kila bomba ili maji kidogo yabaki humo, kazi ambayo mtengenezaji angeweza kuifanya kwa gharama ndogo sana. Pembeni nina ndoo mbili zenye mifuniko, kwa mtindo ulioenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: maji hujazwa mara moja, hakuna pampu, na kadiri yanavyopungua ndivyo mizizi ya juu inavyopata hewa. Chainizi ya ndoo hizo haijawahi kuhisi kukatika kwa umeme.

Kama ningeanza upya, ningenunua pampu, vikombe na virutubisho tu, mabomba nikamwachia fundi bomba wa mtaani, na fedha iliyobaki ningenunulia kipimo cha chumvi siku ya kwanza.