Stika moja, chipu tofauti: uzoefu wangu na DDR4-3600 za pakiti mbili

Nyota moja. Hiyo moja nimeipa kwa ajili ya pakiti ya kwanza.

Nimenunua RAM za aina moja mara mbili, DDR4-3600 CL18 (3600 ni kasi, CL18 ni mizunguko ya kusubiri data), RAM mbili za GB 8 ndani ya kila pakiti. Kampuni ile ile, boksi lile lile, na ile namba ndefu ya modeli kwenye stika inafanana herufi kwa herufi. Pakiti ya kwanza imekaa na prosesa ya Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi ya B550 muda mrefu, XMP (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe) imewashwa, na haijawahi kusumbua. Ya pili niliiongeza ili nifike GB 32. Kuanzia siku hiyo, ukiwasha XMP, taa ya DRAM kwenye mazabodi, ile ya kuonyesha shida ya RAM, inaganda njano, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Inajizima, inajiwasha, inajizima tena, na baada ya mara tatu inarudi yenyewe 2133.

Nikaipeleka dukani, Kariakoo. Kijana wa kaunta hata boksi hakufungua. "Kaka, RAM ni RAM. Umeichoma mwenyewe na hayo mambo yako ya kuovakloki, kulazimisha kasi. Waranti hapo haipo." Kwa sauti, mbele ya wateja.

Hilo ndilo lililonikera kuliko kitu chochote. 3600 ndiyo namba iliyochapwa kwenye boksi, na ndiyo niliyolipia. Usipowasha XMP, RAM hizi haziendi 3600 zenyewe. Na XMP yake inaomba volti 1.35 tu badala ya 1.2 ya kawaida, na kwa volti 1.35 DDR4 haiungui. Huwezi kumuuzia mtu kasi halafu umwambie akiitumia kasi hiyo kajiharibia. Kama kijana yule angezipachika RAM zile kwenye mashine ya duka dakika tano tu, angeona kwamba hazijaungua.

Nilichokuta mimi ni hiki. Chukua tochi ya simu, mulika kwa chini ya RAM, pale karibu na meno ya dhahabu, uchungulie nyuma ya bati la kupozea. RAM ya pakiti ya kwanza ina chipu nane zimejipanga mstari mzima. Ya pakiti ya pili ina nne, na katikati yake pana nafasi tupu unayoiona kabisa. Zote ni GB 8. Thaiphoon Burner, programu ya kusoma taarifa za RAM, ikathibitisha: za kwanza ni chipu nane za gigabiti 8, mpangilio wa x8 (kila chipu inatoa biti 8 kwa mpigo), za pili ni chipu nne za gigabiti 16, mpangilio wa x16 (biti 16 kwa mpigo). Ukitazama namba kubwa tu, CL18-22-22-42, hutaona tofauti yoyote. Tofauti imejificha kwenye namba nyingine za muda, za chini kabisa kwenye orodha ya BIOS, ambazo wengi hawazifungui.

Iliyoniua ni tRFC. Chaji ndani ya chipu za DRAM huvuja, kwa hiyo lazima zihuishwe kila mara, na tRFC ndio muda ambao RAM inaachwa ijihuishe kabla haijaguswa tena. Chipu ya gigabiti 8 kwa kawaida hupewa nanosekunde 350, ya gigabiti 16 hupewa 550. Kwa kasi ya 3600 saa ya RAM ni MHz 1800, kwa sababu data hupita mara mbili kwa kila mzunguko, hivyo 350 inakuwa mizunguko 630 na 550 inakuwa 990. Mazabodi yangu ilichukua XMP ya RAM iliyo sloti ya A2, ambayo ni ya pakiti ya zamani, ikaziwekea zote nne 630. Zile mpya zikawa zinaulizwa data kabla hazijamaliza kujihuisha. Hapo hata ukipandisha volti mpaka kesho haisaidii, kwa sababu tatizo si umeme.

Kama umekwama hapa, usianze kwa kubahatisha namba. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30 ili chaji iliyobaki iishe, kisha gusanisha pini mbili za kufuta CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS) kwa bisibisi sekunde 10. Kama pini huzioni, toa batri ya CR2032 dakika tano. Sasisha BIOS (programu ya mazabodi yenyewe) wakati RAM ziko kwenye kasi ya kawaida, kamwe si wakati XMP imewashwa, maana kosa moja la RAM katikati ya zoezi hilo linaweza kukuachia mazabodi iliyokufa. Kisha jaribu RAM moja moja kwenye A2, ambayo ni sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Halafu jozi kwa jozi kwenye A2 na B2, yaani sloti ya pili na ya nne. Zote nne ziwe za mwisho, na XMP ikiwa imezimwa. Endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye fleshi, raundi nne. Kosa moja tu ni kosa. Usijiambie "ni moja tu, Windows inawaka". Windows itawaka, halafu faili unazokopi zitakuwa zinaharibika kimya kimya, na wiki mbili baadaye utakuwa unalaumu diski. Ukishatuliza RAM, endesha sfc /scannow, amri ya kukagua na kurekebisha faili za Windows, kabla hujaiamini Windows iliyokuwepo.

Sasa lazima niseme kweli. Pakiti ya pili ikiwa peke yake kwenye A2 na B2, XMP imewashwa, 3600: raundi nne, kosa sifuri. RAM ni nzima. Na AMD wenyewe kwa familia hii ya Ryzen wanaahidi 3200 kwa RAM mbili, lakini ukijaza sloti nne wanashuka hadi 2933, au 2667 zikiwa za renki mbili, yaani RAM zenye seti mbili za chipu. Hilo siwezi kuibebesha kampuni ya RAM. Wala hakuna mtengenezaji anayeahidi kwamba pakiti mbili zilizopimwa mbalimbali zitapatana. Kwa hiyo niliandika nyota tatu.

Nimezifuta. Chipu za x16 zina makundi mawili ya benki (sehemu za kuhifadhia data ndani ya chipu) badala ya manne, kwa hiyo hata zikiwa peke yake ziko nyuma ya zile za kwanza kwa kazi halisi, ingawa kasi na CL zinafanana kwenye karatasi. Maana yake bidhaa imebadilishwa ndani, ikawa duni, na jina limebaki. Wapo watengenezaji wanaochapa namba ndogo ya toleo kwenye stika ili mnunuzi ajue. Hawa hawakuchapa. Mnunuzi anayepanga kuongeza RAM ana kitu kimoja tu cha kushika, namba ya modeli, na hapa namba hiyo imemdanganya.

Kwa wenye mchanganyiko kama wangu, hizi ndizo namba zilizonitulizia zote nne: kasi 3200, FCLK (saa ya mawasiliano ndani ya prosesa) 1600, 18-22-22-42, volti 1.36, Gear Down Mode (chaguo la BIOS la kutuliza RAM) imewashwa, volti ya SOC (sehemu ya prosesa inayosimamia RAM) 1.1. tRFC niliweka 880, yaani nanosekunde 550 kwa MHz 1600. Chipu za x16 zina kurasa kubwa zaidi, yaani safu ndefu za data zinazofunguliwa kwa mara moja, hivyo tFAW (muda ambao ndani yake safu nne tu zinaweza kufunguliwa) nikaipandisha hadi 48, wakati za x8 zinatosheka na 34. tRRD_S na tRRD_L, muda kati ya kufungua safu moja na nyingine, zikawa 9 na 11. Unapangilia kwa kufuata RAM iliyo dhaifu, nyingine zinasubiri. Nilipojaribu 3400 kwa hesabu hizo hizo, makosa yalirudi raundi ya pili, nikarudi 3200. Kama bado hujanunua, chukua pakiti moja ya GB 16 mbili.

Duka halipati nyota hata moja, na matokeo ya MemTest86 nimeyachapa kwenye karatasi nimpelekee yule kijana. Kampuni ya RAM ikianza kuchapa namba ya toleo kwenye stika, hii moja nitaibadilisha iwe tatu.