Uzoefu wangu: walihamisha mwaridi wangu, kisha wakaukata ulipoanza kupona

Nimesikia watu wanaisifia hii huduma ya bustani hapa Arusha, wale wanaozunguka na kirikuu kilichojaa miche. Jamani, kama una mti wa maua unaoupenda, usiwape.

Niliwaita kwa kazi moja tu, kuhamisha mwaridi kutoka nyumba tuliyokuwa tumepanga Njiro kuuleta kwetu Usa River. Maua mengine yote nilimwachia mwenye nyumba. Huu nisingeweza, kwa sababu mama mkwe aliuotesha kwa mkono wake kutokana na tawi alilokata kwao Lushoto, na ukichanua harufu yake inafika barazani.

Wakaja mchana wa jua kali, Januari. Nikamwomba bosi wao tungoje jioni, akasema ana kazi nyingine. Wakachimba pale pale kwenye shina, mizizi wakaikata kwa panga, udongo wote ukapukutika, wakautupa nyuma ya gari bila hata gunia lililoloweshwa. Vile vimizizi vyembamba ndivyo vinavyonyonya maji. Vikikatika na kukaushwa na upepo barabara nzima, majani yanaendelea kupoteza maji na hakuna cha kuyafidia. Tulipofika wakajaza shimo samadi ya kuku mbichi, bado inachoma pua, na juu yake konzi ya urea. Nikakataa. Akanijibu, "Mama, kazi hii sisi ndiyo tunayoijua."

Haukupita muda majani yakaungua kingo, yakawa manjano, yakaanguka. Simu hapokei. Nikatuma picha, akajibu neno moja: "Mwagilia."

Hapa lazima niseme haki. Katika vijana wake kuna mmoja mpole, aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya maua huku kwetu. Alikuja Jumapili kwa hiari yake. "Shikamoo mama, roho imenisuta kuhusu ule mwaridi." Akakwangua gome kwa ukucha: juu kahawia, kavu, akashuka taratibu, karibu na ardhi kukatokea ukijani, kuna unyevu. "Uko hai huu," akasema. Nilitaka kulia.

Akaondoa samadi yote aliyoweza kuifikia bila kuigusa mizizi tena, akamwaga maji mengi polepole ili yateremshe ile chumvi ya mbolea, akarudishia udongo uliochanganywa na mboji ya zamani iliyooza vizuri. Matawi makavu akayakata mpaka penye ukijani, mkasi ukiwa safi na mkali. Vitumba viwili vilivyokuwa vinang'ang'ania kuchanua akavitoa, maana ua linakula nguvu ambayo mizizi inaihitaji. Akasimamisha vijiti na neti ya kivuli kuukinga na jua la mchana, akatandaza nyasi kavu chini lakini zisiguse shina. Akaniagiza nimwagilie asubuhi, maji yazame hasa, na kabla ya kurudia nichomeke kidole kwenye udongo. Ukiwa bado na unyevu, niache. Mbolea ya aina yoyote nisiguse mpaka majani mapya yakomae. Kwa kijana huyu ningetoa nyota zote, na nilishaanza kufikiria kuwasamehe wote kwa ajili yake.

Basi chipukizi likatokea. Jekundu, nono, limepasua udongo kando ya shina. Nilikuwa naliangalia kila nikiamka.

Bosi akaja kudai salio lake. Akaliona, akainama, "Hili ni pori, linanyonya mti bure," akalikwanyua kwa kidole gumba. Nilikuwa bado namwambia asiguse! Ningemwelewa kama mwaridi ungekuwa wa kubebeshwa, yaani tawi la mwaridi mmoja limeungwa juu ya shina la mwingine. Huo una maungio, na kinachochipua chini ya maungio ni cha shina lililobeba, kweli kinatolewa. Wangu ulioteshwa kwa tawi. Hauna maungio, juu na chini ni mwaridi ule ule wa Lushoto, na chipukizi la chini ndilo mti wenyewe unarudi. Mtu anayeijua kazi anauliza kwanza. Huyu hakuuliza, hakuomba radhi, akasema nikitaka ataniletea mwingine kwa bei nafuu. Mwingine! Kwani nilimwambia natafuta mwaridi wowote?

Masika yalipoanza likatoka chipukizi jingine, na sasa lina majani mapana yanayong'aa na matawi mawili. Kwa hiyo msije mkasema waliufufua. Aliyeufufua ni yule kijana, na mvua, na uhai uliobaki kwenye mizizi waliyoikatakata.

Miche yao ya parachichi, sitasema uongo, ni mizuri. Niliyonunua imeshika yote. Ukitaka mche wa kuanza nao, nenda kanunue. Nilikuwa nimekusudia niishie hapo kwa upole, lakini kila nikikumbuka kile kidole gumba damu inachemka. Mti wenye historia usiwaite. Na kama hakuna budi, mtake yule kijana peke yake, aje jioni, aje na gunia bichi, na usimame hapo hapo mpaka amalize.

Salio anaendelea kulidai kwa meseji. Silipi.