Pauni 90 za Kuthaminiwa Upanga wa Kijapani wa Urithi

Babu yake mume wangu alikuwa ofisa wa Kiingereza katika Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, na mwaka 1944 alikuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipoteremka bonde la Kabaw huko Burma, nchi ambayo wazee wetu waliopigana huko waliiita Bama. Alirudi na upanga mmoja wa Kijapani, ukakaa juu ya kabati kwa zaidi ya miaka sabini. Mwanawe alipofariki, upanga ulitufikia sisi pamoja na kisanduku cha sigara chenye netsuke tatu, yaani vile vinyago vidogo ambavyo Wajapani walivitumia kuzuia kamba ya mkoba isiteleze kwenye mshipi wa kimono. Familia ilikubaliana viuzwe na fedha zigawanywe. Maoni haya yanahusu huduma ya mthamini tuliyemlipa London kabla ya kuuza. Jina lake silitaji, kwa sababu nina la kumsifu na nina la kumlaumu, na hilo la pili lingetaka naye awepo ajitetee.

Kabla yake tulijaribu cha bure. Nyumba moja ya mnada katika mji wetu hutenga siku ya kuthamini vitu bila malipo, nasi tukapanga foleni pamoja na watu waliobeba saa za ukutani na seti za chai. Dalali aliuchomoa upanga nusu, akatazama ala iliyovikwa ngozi na mpini uliofungwa kwa utepe wa kahawia, akasema ni upanga wa ofisa wa Vita Kuu ya Pili, pauni 300 hadi 400, kisha akamwita mtu aliyefuata. Katika alichokiona hakukosea, kwa kuwa vazi lile kweli ni la kijeshi, la mtindo wa miaka ya 1930. Ila maofisa wa Japani walijinunulia panga zao wenyewe, na baadhi yao walichukua kengee, yaani chuma chenyewe chenye makali, ya zamani iliyokuwa nyumbani kwao wakaivisha mpini na ala ya jeshi. Chini ya vazi hilohilo unaweza kukuta kengee iliyofuliwa harakaharaka wakati wa vita katika mji wa Seki, ikachovywa kwenye mafuta badala ya maji na kugongwa muhuri mdogo kwenye msuka (ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini), kengee ambayo nchini Japani haikubaliwi hata kusajiliwa kuwa kazi ya sanaa. Unaweza vilevile kukuta kengee ya miaka mia nne. Asiyeufungua mpini hawezi kujua ameshika ipi, na dalali yule hakuufungua.

Miadi ya London ilikuwa ya dakika 45 kwa pauni 90, pamoja na ripoti ya maandishi. Swali la kwanza la mthamini lilikuwa ni nani aliyeusafisha upanga. Ilibidi nikiri kwamba shemeji yangu, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameisugua kengee kwa stilwaya ya masufuria ili ing'ae. Mthamini alivuta pumzi, akauliza kama alisugua na msuka. Hakuusugua, kwa sababu moja tu: hakujua kwamba mpini unatoka.

Unatoka, na kwa urahisi wa kushangaza. Mthamini alikisukuma nje kigingi kidogo cha mwanzi, akashika mpini kwa mkono wa kushoto, akaupiga mkono huo ngumi nyepesi, na kengee ikalegea. Msuka ulikuwa na kutu nyeusi yenye wekundu kidogo, na matundu mawili, moja la zamani na jingine lililotobolewa baadaye ili ufae mpini wa jeshi. Kutu hiyo, alisema, ndiyo cheti cha umri. Wajapani hawaigusi kamwe, na anayeiondoa ili jina la mhunzi lisomeke vizuri huwa ameondoa pamoja nayo sehemu kubwa ya bei. Alipima urefu kutoka nchani hadi kwenye kidaka kilicho juu ya mgongo wa kengee, akapata sentimita 64, ambazo zinaufanya uwe katana, kwa kuwa mpaka wake ni shaku mbili, takriban sentimita 60.6, na ulio kati ya shaku moja na mbili huitwa wakizashi.

Kisha akasoma maandishi. Upande mmoja palichongwa Bishu Osafune Sukesada, na upande wa pili mwezi wa nane wa mwaka mmoja wa enzi ya Eiroku, iliyoanza 1558 na kwisha 1570. Nilianza kupiga hesabu za fedha kichwani, naye aliliona hilo usoni pangu, akanipoza. Osafune kilikuwa kijiji cha wahunzi katika jimbo la Bizen, ambalo sasa limo katika mkoa wa Okayama, na jina la Sukesada lilitumiwa na wahunzi wengi mno katika karne ile ya vita, wakati panga zilipoagizwa kwa mafungu. Upanga uliofuliwa kwa agizo la mtu maalumu kwa kawaida hubeba jina binafsi la mhunzi, na pengine hata la mteja; wenye saini fupi kama huu wetu mara nyingi ni wa mafungu. Nilimwuliza kama saini yenyewe ni ya kweli, kwani majina ya wahunzi mashuhuri kama Masamune na Kotetsu yameghushiwa kwa karne nyingi. Alijibu kwamba anayeghushi huchagua jina la kumtajirisha, na saini fupi ya Sukesada haina utajiri wa kumsumbua mtu.

Sehemu iliyofuata peke yake ingetosha kunifanya nilipe. Aliinamisha kengee chini ya taa moja hadi mstari wa makali yaliyokazwa kwa moto ukajitokeza, mweupe kama ukungu, pale ambapo stilwaya haikufika. Mawimbi yake yalipanda mawili mawili kama gando la kaa, na Wajapani wenyewe huyaita hivyohivyo, kucha za kaa. Ni alama ya Bizen ya zama zile. Akanionyesha picha ya kazi ya Bizen ya karne ya 13, ambayo mawimbi yake yanaitwa choji. Neno hilo maana yake ni karafuu, na mimi niliyekulia Wete nikichambua karafuu na makonyo barazani sikuhitaji kuelezwa, kwani palikuwa na safu ya vichwa vya karafuu ndani ya chuma. Hata mafuta aliyoipaka kengee alipomaliza yanaitwa hivyo, ingawa mengi yanayouzwa siku hizi ni mafuta ya madini yaliyotiwa harufu tu. Harufu ilikuwa ileile.

Juu ya bei alisema wazi. Mnadani, pamoja na mikwaruzo yake, upanga ungepata pauni 1,400 hadi 1,800. Dukani ungewekewa zaidi. Nilitarajia atanishawishi niupeleke kwa mnoaji wa Kijapani, akakataa, kwa kuwa gharama ya kuunoa upya kwa mawe ingeweza kuimeza bei yote ya kengee ya daraja hili. Alikataa vilevile kuupeleka Tokyo kwa NBTHK, chama cha Kijapani cha kuhifadhi panga za sanaa, kilichoanzishwa mwaka 1948 chenye jumba la makumbusho ya panga huko Ryogoku, ambacho hutoa vyeti vya ngazi nne: Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Vyeti hivyo havitaji bei. Vinatoa hukumu ya mabingwa juu ya mhunzi na zama. Lakini upanga unaoingia Japani lazima utangazwe forodhani na usajiliwe, ukapitie kwa wakala, na ukae huko kwa miezi. Kama ungekuwa hauna saini na una dalili za karne ya 13, alisema, angenishauri kinyume. Ushauri huo ulimnyima kazi yeye mwenyewe, na kwangu ulikuwa na uzito kuliko maneno yake yote mengine.

Sasa lawama. Katikati ya miadi, kabla hajataja makadirio yoyote, alinipa pauni 900 taslimu niuache palepale. Nilipokataa ndipo zilipokuja zile tarakimu za juu. Ni kweli kwamba aliziandika kwenye ripoti bila kuzipunguza, lakini mtu anayelipwa athamini hapaswi kuwa na mkono mfukoni. Ripoti yenyewe, iliyoahidiwa kwa siku kumi, ilifika baada ya wiki saba na barua pepe nne, na picha ya msuka ilikuwa na ukungu.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye netsuke. Moja ni ya plastiki, na mstari wa kalibu unaonekana kwa jicho. Ya pili ni ya mti, yenye saini, na aliieleza vizuri. Ya tatu ni ya pembe ya ndovu, akaiandikia pauni 250 bila neno zaidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 inayohusu pembe, ambayo imekuwa ikitumika tangu Juni 2022, inakataza kumwuzia mtu binafsi netsuke kama hiyo isipokuwa imepewa cheti kwamba ni ya kabla ya 1918 na ni sanaa ya thamani ya pekee, na ada ya kuomba cheti hicho ni pauni 250. Bei aliyoiandika ilikuwa sawa na ada ya kuomba ruhusa, nami niliyagundua haya mwenyewe.

Pamoja na hayo ripoti ilifaa. Tangu 2008 panga zilizopinda zenye sentimita 50 au zaidi kwa kawaida haziuzwi Uingereza, ila zilizotengenezwa kabla ya 1954 au kwa njia za jadi, na dalali wa silaha za kale tuliyemfuata baadaye aliomba karatasi hiyo kabla hajaupokea upanga. Aliomba pia kibandiko cha babu kilichofungwa kwenye ala kwa uzi, chenye neno Kabaw na mwaka, ambacho sisi tulikaribia kukitupa. Bei ya chini tumeiweka pauni 1,300. Netsuke ya pembe imerudi kwenye kisanduku chake. Shemeji ameshauliza mara mbili fedha zitagawanywa lini. Bado hajauliza stilwaya imepunguza kiasi gani, ingawa ripoti nimemtumia, na jambo hilo limo ukurasa wa tatu.