Ampu ya wati 80 kwenye spika za omu 4, uzoefu wangu

Wadau, kama una spika za omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme) na unazisukuma na risiva ya sinema (ile ampu ya spika nyingi za sinema ya nyumbani), soma hii kwanza kabla hujaanza kuzilaumu spika. Mi nimebadilisha ampu (kikuza sauti) peke yake, spika ni zilezile, waya ni zilezile, chumba kilekile, na tofauti niliyoipata ni kubwa mno kukaa nayo kimya.

Spika zangu ni zile ndogo za kuweka kwenye stendi, wufa (spika ya besi) ya inchi 6 na nusu na twita (spika ndogo ya sauti za juu) ya kitambaa. Nyuma zimeandikwa omu 4, desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 86 kwa volti 2.83, umbali wa mita 1. Hiyo 86 wengi wanaisoma harakaharaka wanaona ni spika ya kawaida, ila volti 2.83 ni wati 1 kama spika ni ya omu 8, ikiwa ya omu 4 ujue hapo umeshaipa wati 2. Kwa hiyo kwa wati 1 kamili spika yangu inatoa 83, yani ni spika nzito kusukuma. Na hiyo omu 4 yenyewe ni ya makadirio, kuna sehemu kwenye besi inashuka mpaka omu 3 na kitu, na omu zikishuka ampu inadaiwa ampea (mkondo wa umeme) nyingi zaidi kwa volti zilezile.

Sasa risiva niliyokuwa nayo boksi lilisema wati 100 kila chaneli (njia ya spika moja). Maandishi madogo ndo yalikuwa na habari yenyewe: omu 6, mlio wa kilohezi 1 peke yake, chaneli moja ikifanya kazi, upotoshaji asilimia 10. Asilimia 10 jamani, hapo sauti ishachafuka zamani. Chini yake kidogo wameandika kipimo cha maana, chaneli mbili kwa pamoja, hezi 20 mpaka 20,000 yani masafa yote ya sikio, omu 8, wati 60, na omu 4 haijatajwa popote. Mtengenezaji akikaa kimya kuhusu omu 4 mi nachukulia kwamba ampu haiziwezi.

Kwa sauti ya chini ilikuwa inapiga vizuri, sina ugomvi nayo. Shida ilianza ukiongeza, ngoma kubwa na gitaa la besi vikigonga pamoja pigo linafika limelegea, halafu sauti ya mwimbaji inapata ukali, zile s na sh zinakwaruza masikio mpaka unatafuta rimoti. Ukigusa mfuniko wa juu mkono haukai. Na mziki ukiwa juu kwa muda, kiitikio kikiingia unasikia tik, kimya, taa ya mbele inawakawaka, ni rilei (swichi) ya usalama imekata ili risiva isiungue.

Hii mpya ni ya chaneli mbili, wati 80 kwa omu 8 na wati 130 kwa omu 4, imepimwa chaneli zote mbili kwa pamoja. Ina transfoma kubwa ya duara na kilo zake 11, ukiinyanyua unaelewa. Sasa naomba nieleweke, kutoka wati 60 kwenda 80 ni desibeli 1 na kidogo, sikio halishtuki, maana hata ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 na ili usikie kama sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara 10. Kilichobadilika kwangu ni ampea, hii ampu inazitoa pale omu zinaposhuka bila kuhema. Pigo la ngoma sasa linaanza na kuisha kwa wakati wake, nyuzi za gitaa la besi unazisikia moja moja, na ule ukali wa mwimbaji umepotea kabisa kwa sauti ileile niliyokuwa nasikiliza. Mfuniko ni wa vuguvugu.

Watu waliniogopesha kwamba spika zimeandikwa ampu ya mwisho wati 100 na mi naweka 130, nitaunguza. Nikakaa nikapiga hesabu. Nakaa mita 3, nasikiliza wastani wa desibeli 80, hapo kila spika inakula wati 2 hivi. Hizo nyingine zote ni akiba ya yale mapigo ya ghafla yanayoruka desibeli 15 mpaka 18 juu ya wastani, na desibeli 18 ni wati mara 63, kwa hiyo zile wati 2 zinakuwa zaidi ya 120 kwa kufumba na kufumbua. Ampu isiyo na hiyo akiba inakata vichwa vya mawimbi, wimbi linakuwa bapa juu, na hapo zinazaliwa sauti za ziada za juu ambazo krosova (kigawanya sauti ndani ya spika) inazipeleka moja kwa moja kwenye twita, na koili ya twita ni waya mwembamba, nyingi zinavumilia wati chache za mfululizo. Ndo maana ampu ndogo iliyobanwa mpaka mwisho inaua twita kirahisi sana. Ampu kubwa nayo inaweza kuua, hasa wufa, ukisikia inagonga tok tok kwenye besi punguza sauti hapohapo usisubiri.

Nimeijaribu pia kwenye spika za jamaa yangu, omu 8 na desibeli 92, na hapo kiukweli sikuona sababu ya kuinunua, ampu yake ya wati 20 inazisukuma vizuri tu. Desibeli 9 za tofauti ni wati mara 8, wati 20 kwenye 92 zinalingana na wati 160 kwenye 83 yangu. Mwenye spika kama zile hela yake aipeleke kwingine.

Kitu ambacho hakijanipendeza ni volyumu, inapanda haraka mno. Kicheza sidii kinatoa volti 2 na hii ampu ina ukuzaji mkubwa (inazidisha volti zinazoingia mara nyingi), robo ya mzunguko tu sauti ishajaa nyumba, na usiku ukitaka sauti ndogo unapapasa kitufe milimita kwa milimita huku upande wa kushoto unakuwa umezidi wa kulia kidogo. Hilo halihusiani na wati, ni ukuzaji, watu wanachanganya sana wanadhani volyumu ikiwahi kujaa ampu ndo ina nguvu. Nimeweka vipunguzio vya desibeli 10 kwenye tundu za RCA (zile za kuchomekea waya wa kicheza sidii), sasa hivi nafika nusu ya mzunguko na pande zote mbili ziko sawa.