Airfryer na vipande vya samoni: hela inarudi, ila kile kitufe cha samaki usikiguse

Nianze na jibu maana najua wengine hamna muda. Kama unapenda samaki na unakaa nyumba ambayo kila ukibandika kikaango alamu ya moshi inapiga kelele mpaka jirani anachungulia dirishani, nunua. Kama unanunua kwa sababu umeambiwa utapika bhajia, kachori na kababu zile zile za nyumbani bila tone la mafuta, hela yako utaililia, na usije kusema hukuambiwa.

Yangu ni ya droo moja, lita nne, wati 1500, ya supamaketi ya kawaida tu huku Uingereza, jina silitaji maana nina ya kuilalamikia huko chini. Nimepika kuku humo, viazi, ndizi, mpaka mihogo, na vyote vinatoka vizuri kiasi chake, lakini kitu ambacho naweza kusema kwa kifua mbele kwamba inakipika kuliko kikaango na kuliko oveni ni vipande vya samoni, vile vidogo vya kutia mdomoni mara moja. Kwaiyo ntaongelea hivyo zaidi.

Kwanza tuelewane, hii mashine haikaangi. Philips ndo waliitoa sokoni mwaka 2010 kwa jina la Airfryer, jina likashika, kila kampuni ikadandia, lakini ukiifungua ni oveni ndogo yenye feni. Koili ya moto iko juu, feni inasukuma upepo wa moto kwa kasi, kapu lina matundu kwaiyo upepo unazunguka mpaka chini ya chakula, basi, hakuna uchawi. Sasa ukishajua hivyo unajua pia kwa nini vipande vidogo ndo vinaipenda: upepo unakishika kila kipande pande zote, nje kunakauka na kupata rangi upesi kabla ndani hakujakauka. Ukiweka mnofu mzima mnene utaiva ndio, lakini juu tu ndo panapata rangi, ubavuni unabaki mweupe mweupe kama wa kuchemsha, hapo bora ungetumia oveni.

Na samoni mwenyewe ana mafuta mengi, hasa huyu wa kufugwa. Huku madukani ukiona pakiti imeandikwa Atlantic jua ni wa kufugwa, mara nyingi wa Scotland au Norway, na ile rangi yake ya pinki anaipata kwenye chakula anacholishwa, wa porini anaipata kwa kula vijidudu vya baharini jamii ya kamba. Hayo mafuta ndo yanayokuokoa. Anajikaanga mwenyewe, kijiko kimoja cha mafuta kwa pakiti nzima kinatosha na hata hicho ni cha kushikisha viungo. Ukipata wale wa porini wa Alaska, wekundu kweli kweli, hao hawana mafuta mengi, toa dakika moja au mbili mapema, la sivyo unatafuna karatasi.

Bei: pakiti ya minofu miwili, gramu 240 hivi, ni pauni nne na ushee mpaka tano, inategemea duka na siku. Si hela ndogo kwa watu wanne, lakini ukikata vipande na kuweka wali wa nazi na kachumbari pembeni inafika. Wale wa barafu ni nafuu zaidi na kwa kazi hii sioni tofauti ya maana, ilimradi umeyeyusha kwenye friji usiku kucha sio kwa maji ya moto. Vipande vya mkiani pia mara nyingi wanashusha bei, vichukue, ni vyembamba kidogo ila ukishakata nani atajua.

Sasa maandalizi, na hapa ndo watu wengi wanaharibu alafu wanasema mashine mbovu. Ngozi toa, kisu chembamba kikipita chini yake inatoka yenyewe. Pitisha kidole katikati ya mnofu kwa kwenda na kurudi, ukisikia kimwiba kinachoma kivute na kile kibanio cha nyusi, fuata kilivyolala usikivute kwenda juu maana kinachana nyama. Mi hii hatua sirukagi kwa sababu watoto waliozaliwa huku hawajui kutafuta miba kwa ulimi kama sisi tuliokulia kwenye changu na tasi, mwiba mmoja tu mezani na samaki hali tena mwezi mzima. Kata vipande vya sentimita mbili na nusu, jitahidi vilingane, kidogo kikiwa na kikubwa kimoja kitaungua mwenzake yuko mbichi.

Alafu kausha. Tishu za jikoni, gandamiza juu na chini mpaka tishu itoke kavu. Samaki mwenye maji hapati rangi, anapikika kwa mvuke, hata uweke digrii ngapi.

Viungo vyangu ni vya nyumbani: kitunguu saumu na tangawizi vilivyosagwa (kamua maji yake), bizari nyembamba, manjano kidogo sana, pilipili ya unga, chumvi, kijiko cha mafuta, na mwisho kijiko kimoja cha kanflawa, hicho ndo kinaleta ule ukoko mwembamba wa nje. Ndimu usilaze nayo. Najua tumezoea samaki analala na ndimu na chumvi tangu asubuhi, kwa nguru sawa, samoni akilala kwenye ndimu anageuka rangi na kuanza kumeguka kabla hajaona moto, ndimu kamulia mezani. Na wale wa asali, maana mtandaoni kila video ya samoni ina asali, sukari kwa joto hilo inaungua na kuwa chungu, pakaza dakika ya mwisho kama lazima.

Haya, kitufe. Mashine yangu ina batani yenye kipicha cha samaki, ukiibonyeza inajiweka digrii 180 dakika 20. Dakika ishirini! Hiyo labda ni kwa samaki mzima wa kilo, kwa vipande vya samoni ni mazishi. Na kitabu chake cha maelekezo kina lugha kumi na kitu lakini hakisemi popote hiyo picha ni ya samaki wa ukubwa gani. Wanaouza hizi mashine wangeacha tu vifundo viwili vya kuzungusha, cha joto na cha muda, mbona vinatosha, hizo picha za kuku na keki na kamba ni za kupandishia bei.

Kwaiyo weka mwenyewe: digrii 200, acha ipate moto dakika tatu ikiwa tupu, alafu panga vipande mstari mmoja visigusane. Visigusane, narudia, maana tamaa ya kujaza kapu ndo inayoharibu, upepo ukikosa njia vinapikana kwa mvuke vinatoka laini vyeupe vya hospitali. Dakika sita fungua uangalie. Yangu inamaliza kati ya sita na nane. Na usitikise kapu kama unavyotikisa chipsi, samoni anameguka, kama unataka kugeuza tumia koleo kipande kimoja kimoja, mi siku hizi wala sigeuzi.

Utajuaje ameiva? Chukua kipande kinene kuliko vyote kibonyeze na uma, kikiachana matabaka kirahisi na katikati kimetoka ule mng'ao wa ubichi, tayari. Wamarekani wanasema ndani ifike digrii 63, ukiwa na kipimajoto sawa, na mjamzito au mgonjwa afuate hicho kipimo, ila wapishi wengi wanamtoa kabla ya hapo kwa sababu joto linaendelea kupanda hata ukishamtoa. Ukiona ule utando mweupe kama maziwa yaliyoganda unatoka pembeni usiogope, ni protini tu, hauna madhara, lakini ukiwa mwingi sana maana yake umempitiliza. Ukitaka upungue mlaze kwenye maji ya chumvi dakika kumi kabla ya kumkausha, na hapo chumvi ya kwenye viungo uipunguze.

Vikitoka hivyo, nje vina ukoko wa dhahabu wenye madoadoa ya bizari, ukikata na uma unasikia kabisa kile kikauko kinavunjika, alafu ndani laini na mafuta yanang'aa. Na jikoni harufu ipo, nisikudanganye, samaki ni samaki, lakini haipandi mpaka kwenye mapazia na makoti kama ya kikaango, na lile sufuria la mafuta yaliyotumika ambalo huku huwezi kumwaga kwenye sinki unabaki nalo wiki nzima unaliwazia, hilo halipo tena.

Umeme nao. 2022 bei za umeme zilipopaa huku ndo kila mtu akakimbilia hizi mashine, na hesabu yake ni kweli: wati 1500 kwa dakika kumi ni robo unit, kwa bei ya pensi 25 hivi kwa unit unaongelea pensi sita au saba. Oveni kubwa inaweza kumaliza hizo dakika kumi inapasha joto tu, samaki bado yuko kwenye sahani anasubiri. Ila hii hesabu inafanya kazi ukipika kidogo. Ukiwa na wageni wanane utapika awamu nne, unasimama jikoni saa nzima, wa kwanza wameshapoa, hapo washa oveni tu dada yangu.

Malalamiko sasa. La kwanza lile la kitufe. La pili ni kapu: ile rangi nyeusi ya nonstiki imeanza kubanduka kwenye kingo za matundu wakati sijawahi kuigusa na stili waya wala kitu cha chuma. Dukani wakaniambia labda natumia mafuta ya kupuliza ya kopo, na ni kweli yale yanaganda na kuharibu hiyo rangi, lakini mi natumia brashi na mafuta ya chupa siku zote. Kapu la kuuza peke yake hawana, wanakwambia nunua mashine nzima. Hii ndo imenifanya nikate nyota moja nzima. Kabla hujanunua uliza kama wanauza kapu la akiba, na ukiweza chukua yenye kapu la stili au la kioo.

Vile vikaratasi vya kutandika chini vinasaidia kuosha, ila tumia vyenye matundu na usiweke wakati inapashwa moto tupu, upepo unakinyanyua kinaenda kugusa koili, moto huo. Na mafuta ya samoni yanayodondoka chini ya kapu yamwage kila baada ya kupika, yakikaa ndo kesho unawasha kupika keki jikoni kunanuka vibua.

Kitu ninachopenda kuliko vyote ni kuvigeuza vya kupaka. Samaki wa kupaka wa pwani anachomwa kwenye makaa huku anapakwa rojo la nazi, huku makaa utayatoa wapi Januari. Napika tui zito la kopo na kitunguu saumu, ukwaju, pilipili na manjano mpaka linakuwa zito la kushika kijiko, vipande vikitoka kwenye airfryer navitumbukiza humo sekunde tu alafu vinarudi kwenye kapu dakika moja na nusu (hapo karatasi ni lazima), tui linashika linapata vidoti vyeusi vya kuungua. Ladha ya moshi haipo na haitakuwepo, mama yangu nilimtumia picha akajibu "hiyo rangi ya karoti ndo samaki gani", lakini na mikate ya maji au chapati wageni wanaramba vidole.

Mlioko Dar, Mombasa na Unguja mnaonunua hizi mashine, wala msihangaike na samoni wa friza kwa bei ile. Kibua ana mafuta yake, akikatwa vipande anatoka safi kabisa kwa digrii zile zile. Nguru anakubali lakini ongeza kijiko cha mafuta na usizidishe dakika saba. Jodari mi simshauri, anakuwa mkavu wa kukwama kooni. Sangara wa minofu mpake kanflawa na mafuta zaidi, ataiva vizuri ila usitegemee ukoko wa wa kukaangwa. Na chochote chenye rojo la unga bichi, bhajia za dengu na ndugu zake, rojo linapenya kwenye matundu linaganda chini na kuungua, hicho mwachie karai.

Nyota tatu na nusu kwa hii yangu, samoni peke yake ningempa tano. Mko wawili au watatu lita nne inatosha, mkizidi hapo chukua ya droo mbili au ile pana ya milango kama oveni, na upime kwanza kaunta yako, maana inataka nafasi nyuma ya kupumulia na zile kubwa zinakula nusu ya jiko.