Hilux mpya kutoka Dar hadi Mbeya: oili ya kwanza niliimwaga kwenye kilomita 5,000

Kila niliyemwambia nimechukua gari la kilomita sifuri aliniuliza kitu kimoja kabla hata ya kunipa hongera: oili ya kwanza utamwaga lini? Na kila muulizaji alikuwa na jibu lake mfukoni. Dereva mmoja wa malori pale Uyole, Mbeya, alisema kilomita 500. Fundi wangu wa Mwanjelwa, aliyenitunzia magari yangu yote ya mtumba, alisema 1,000, "na usizidishe, bosi." Muuza vipuri akasema nisihangaike hadi 10,000 kwa sababu oili za siku hizi hazichoki. Mimi nilimwaga kwenye 5,000, na kwa mazingira ya huku kwetu nadhani ndipo mahali pake.

Gari ni Hilux ya dizeli, injini ya lita 2.4 yenye turbo. Nililichukua Dar es Salaam nikapanda nalo mwenyewe. Hapo ndipo sisi wa Nyanda za Juu tunapotofautiana na mtu anayenunua gari Dar akalizungushia hukohuko, maana Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kitabu cha Toyota kinataka kilomita 300 za mwanzo usifunge breki kwa ghafla, 800 za mwanzo usivute tela, na mpaka 1,000 usikimbie mno, usikanyage mafuta kwa pupa, usikae muda mrefu kwenye gia ndogo wala usishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ukijumlisha, karibu kipindi chote hicho cha uangalifu kinaishia barabarani kabla hujafika nyumbani.

Hilo la mwendo mmoja ndilo watu hulipuuza. Kuta za silinda mpya zina mistari midogo iliyochorwa makusudi kiwandani, na ringi za pistoni zinatakiwa zisuguane nazo kwa nguvu inayopanda na kushuka mpaka zikae sawasawa. Zisipokaa, gari linaanza kula oili, na hakuna kumwaga mapema kutakakoliponya. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, niliwashukuru askari wa usalama barabarani. Vibao vya 50 kila penye kijiji, na Mikumi katikati, vinakulazimisha kubadilisha mwendo hata kama hutaki.

Kitonga niliipanda gari likiwa tupu, nyuma ya semi iliyokuwa inatambaa, na gia ndogo hapo huwezi kuikwepa. Nilipofika Ilula nilisimama, lakini sikuzima mara moja. Niliiacha injini iungurume kwa dakika chache. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, inazunguka kwa kasi ya kutisha na inalainishwa na oili hiyohiyo ya injini. Ukizima ghafla baada ya mlima, oili inagota mle ndani ikiwa ya moto na kuanza kuungua.

Kwenye 1,000 nilienda kwa wakala kwa ukaguzi wa kwanza, ambao ni wa bure. Waliangalia boliti, mikanda, breki, uvujaji na vimiminika vyote. Oili hawakuimwaga, na fundi wangu aliposikia alikasirika kuliko mimi. Alivuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, akaipangusa kwenye kitambaa cheupe, akanionyesha weusi: "Huu si uchafu?" Si uchafu wa kutisha. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu ya masizi ya kuungua, na kazi yake mojawapo ni kuyabeba masizi hayo yasigande kwenye injini. Rangi peke yake haikuambii kama imechoka.

Hata hivyo, kanuni ya 1,000 ina asili yake. Injini za zamani zilichongwa kwa usahihi mdogo zaidi, zikatoa chembe nyingi za chuma siku za mwanzo, na filta zake hazikuwa kama hizi. Aliyejifunza ufundi kwenye injini hizo hakudanganywa. Lakini leo chembe ni chache, na nyingi zinanaswa na filta. Tena wapo watengenezaji, kama Honda, ambao wamewahi kuwashauri wateja wasiiharakishe oili ya kiwandani, kwa kuwa ina viambata vya kusaidia vyuma vipya vizoeane. Ukiimwaga mapema unalipia kuitupa.

Mbona basi sikusubiri 10,000? Kwa sababu kitabu kina ratiba mbili, na watu husoma ile ya kwanza tu, ya 10,000. Ya pili ni ya matumizi magumu: vumbi, mzigo, milima, safari fupi zisizoipa injini nafasi ya kupata moto vizuri. Sasa niambie, hapo Mbeya imekosekana wapi? Mimi nabeba viazi kutoka upande wa Isyonje, kiangazi nashuka Mbarali kwenye vumbi la mashamba ya mpunga, na asubuhi za Juni na Julai natoka Uyole kwenda Mwanjelwa injini ikiwa bado baridi. Safari fupi kama hizo huacha maji na mafuta ndani ya oili, kwa sababu joto halitoshi kuyafukuza. Kwa matumizi hayo muda unakatwa nusu, yaani 5,000.

Siku ya kumwaga niliomba nisimame pembeni niangalie, na mafundi walikubali bila kununa, jambo ambalo gereji nyingi hulikwepa. Oili ilimwagwa injini ikiwa na uvuguvugu, filta ikabadilishwa, na boliti ya kumwagia oili ikafungwa pamoja na washa mpya kwa spana ya kupimia nguvu. Oili ya zamani niliipitisha kwenye kitambaa kwenye jua na kuona vimeremeta vichache sana, vidogo kama poda. Hapo wapate alama zote.

Alama niliwapunguzia mwishoni. Kijana alijaza hadi juu ya alama ya pili ya dipstiki akasema itashuka yenyewe. Haishuki. Ikizidi sana, mhimili wa injini unaipigapiga mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Niliomba gari liwekwe kwenye sakafu iliyonyooka, tukasubiri kidogo, tukapima tena, wakapunguza. Kwa gari linaloingiza lita saba na nusu hivi, si rahisi kukisia kwa macho.

Jambo jingine ni unene wa oili. Walitaka kuniwekea 20W-50 kwa hoja kwamba "gari la mzigo linahitaji nzito." Nilikataa, nikachukua 5W-30 ambayo kitabu kinairuhusu. Namba ya kwanza inahusu oili inavyotiririka kwenye baridi, na Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Alfajiri ya Julai oili nzito inachelewa kufika juu ya injini. Angalieni pia herufi za kiwango cha API kwenye dumu: kundi la C ni la dizeli, S ni la petroli. Oili peke yake ilinikaribia laki mbili, kwa hiyo nilihakikisha lakiri ya dumu imekatwa mbele yangu.

Kama gari lako "jipya" ni la kutoka Japani, lenye kilomita zake tayari, haya ya 5,000 hayakuhusu. Tafuta stika ya oili, inayoonyesha ilimwagwa lini mara ya mwisho, karibu na mlango au chini ya boneti. Mwaka ukiandikwa R6 maana yake ni 2024, kwa hesabu ya enzi ya Reiwa iliyoanza 2019. Lakini hata stika ikikupendeza vipi, mwaga ukishalitoa bandarini.

Risiti ya 5,000 nimeibana kwenye kitabu cha gari ikiwa na namba ya filta na kilomita, kwa ajili ya waranti. Ya 10,000 nitarudi kwa haohao, na dumu langu mkononi.